Nimetumia huduma ya wachambuzi wa ajali wanaotumia fizikia, haya ndo maoni yangu

Watu wengi hata hawajui kama hii huduma ipo. Umepata ajali, wewe unasema hivi mwenzako anasema vile, kila mtu anaapa, basi kuna wataalamu (wengi wao ni mainjinia au watu waliowahi kuwa trafiki wakasomea zaidi) unawalipa, wanakuja na tepu na kamera, wanapima alama za tairi kwenye lami, wanapima gari zilipogonganea na ziliposimamia, halafu wanaanza kurudi nyuma kwa hesabu mpaka wanakwambia kila gari ilikuwa spidi gani kabla ya kugongana. Sisi tumeitumia kwa ajali ya dada yangu. Jina la kampuni siliweki, nataka niongelee huduma yenyewe, kwa sababu niliisoma ile ripoti mstari kwa mstari na hesabu nikazirudia mwenyewe kwa kalkuleta ya simu, na nadhani mtu anayefikiria kuwalipa anahitaji kujua anapewa nini hasa.

Ajali yenyewe ilikuwa hivi. Dada yuko barabara kubwa ananyoosha, jua limeshazama kigiza kinaanza, pikapu ikatoka barabara ya pembeni yenye mstari wa kusimama, dada akakanyaga breki tairi zikaburuza, akaipiga pikapu ubavuni upande wa mbele, gari zikanasana zikaserereka pamoja mpaka zikasimama. Namshukuru Mungu waliumia kidogo tu. Dereva wa pikapu akawa na maneno matatu ambayo hakuyabadilisha mpaka mwisho: kwamba yeye alisimama kabisa kwenye mstari ndo akaanza kuingia taratibu, kwamba dada alikuwa anakuja 80, na kwamba dada hakuwasha taa. Shahidi hakuna, kamera hakuna, gari zote mbili ni za zamani hazina ABS (mfumo unaozuia tairi zisifunge ukikanyaga breki) wala kifaa cha kurekodi chochote.

Kabla hatujawapata hawa watu alikuja mkaguzi wa bima, akaangalia gari ya dada ilivyobonyea mbele, boneti imekunjika, radieta imetoka, akaangalia pikapu ina mbonyeo wa wastani tu mlangoni, akasema hii iliyoumia zaidi ndo ilikuwa mbio. Hii kauli nimeisikia kwa watu wengi sana na haina ukweli. Gari mbili zikigongana, nguvu ambayo A inaipiga B ni sawasawa kabisa na nguvu ambayo B inaipiga A, haijalishi nani alikuwa mbio na nani alikuwa taratibu, hiyo ni sheria ya tatu ya Newton na imeandikwa tangu 1687. Ligonganishe yai na jiwe, vyote vimepigwa kwa nguvu ileile, ila yai ndo linapasuka, na huwezi kuliangalia lile ganda ukajua ni yai lililofuata jiwe au jiwe lililofuata yai. Ukubwa wa kubonyea unategemea sehemu iliyopigwa ni ngumu kiasi gani. Kuna njia ya kweli ya kupata spidi kutokana na kubonyea, mtafiti wa General Motors anaitwa Kenneth Campbell aliionyesha mwaka 1974, lakini pale unapima kina cha mbonyeo sehemu kadhaa kwa mstari na unatumia ugumu wa modeli hiyohiyo ya gari uliopatikana kwenye majaribio ya kuigongesha ukutani. Kukodoa macho siyo njia.

Sasa wachambuzi wenyewe. Kitu cha kwanza kilichonipa imani nao ni maswali. Waliuliza pikapu ilikuwa imebeba nini, kulikuwa na watu wangapi ndani ya kila gari, matairi yalikuwa na hali gani, barabara ilikuwa kavu au na maji. Mimi nikadhani wanazungusha, kumbe uzito unaingia moja kwa moja kwenye hesabu, ukikosea mzigo wa pikapu umekosea spidi za gari zote mbili. Kisha wakaenda pale njia panda wakachukua gari ya majaribio, wakaifungia kifaa cha kupima jinsi mwendo unavyopungua, wakakimbiza na kufunga breki kwenye lami ileile ili wapate msuguano wa pale pale badala ya kuchukua namba ya kitabuni. Wakapata namba ya msuguano, yaani tairi inavyoshika lami ukilinganisha na uzito wa gari, karibu 0.7, ambayo ni ya kawaida kwa lami kavu, wakasema wataifanyia hesabu kuanzia 0.65 hadi 0.75 kwa sababu hakuna anayeijua kwa uhakika zaidi ya hapo.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi, mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Gari zilivyonasana ziliserereka mita 8 mpaka kusimama. Gari inayoserereka inapoteza mwendo kwa msuguano tu, kwa hiyo spidi mwanzoni mwa mserereko ni kipeuo cha pili cha 2 mara msuguano mara 9.81 (mvutano wa dunia) mara umbali. Weka 0.7 na mita 8 unapata mita 10.5 kwa sekunde, kama kilomita 38 kwa saa. Hiyo ni spidi ya gari zote mbili zikiwa pamoja, mara tu baada ya kugongana.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi niliipenda kuliko zote. Kabla ya kugongana, dada anaenda mbele na pikapu inakatiza, pembe mraba kabisa. Momenta, yaani uzito zidisha mwendo, haipotei kwenye mgongano, iliyokuwepo kabla ndo iliyopo baada, na zaidi ya hapo kila upande unajihesabu peke yake: ya kwenda mbele yote imeletwa na gari ya dada, ya kukatiza yote imeletwa na pikapu. Gari zilipogongana hazikwenda mbele wala hazikwenda pembeni, zilikwenda mshazari, nyuzi 60 kutoka uelekeo wa dada. Ule mshazari ndo ushahidi. Gari ya dada na yeye ndani ni kilo 1,200, pikapu na mzigo kilo 1,800, jumla 3,000. Ukiitenganisha ile 10.5 pande mbili kwa kufuata pembe ya nyuzi 60, mbele inakuja kama 5.2 na pembeni kama 9.1. Zidisha 5.2 kwa 3,000 gawa kwa 1,200, unapata mita 13 kwa sekunde, yaani dada aligonga akiwa kwenye kilomita 47 kwa saa hivi. Zidisha 9.1 kwa 3,000 gawa kwa 1,800, unapata mita 15 kwa sekunde hivi, yaani pikapu ilikuwa inakatiza kwa kilomita 54 kwa saa.

54, mtu aliyesema alisimama kwenye mstari akaingia taratibu.

Na hapa ndo nilielewa hawa jamaa wanafanya kazi gani. Ripoti haikuandika kwamba dereva anadanganya, neno hilo halimo popote. Iliandika hivi: kutoka mstari wa kusimama mpaka pointi ya kugongana ni mita 6, ili gari ifikishe kilomita 54 kwa saa ndani ya mita 6 ikianzia sifuri inatakiwa iongeze mwendo kwa mita 19 kwa sekunde kila sekunde, karibu mara mbili ya jiwe linavyodondoka. Tairi la pikapu haliwezi kung'ang'ania lami kiasi hicho hata injini ingekuwa ya ndege. Pikapu ikianza kwa kukanyagwa mafuta kwelikweli, tuseme mita 3 kwa sekunde kila sekunde, ndani ya mita 6 inafika kilomita 21 au 22 hivi. Wakachukua na ile spidi ya chini kabisa waliyoiona inawezekana kwa pikapu, 51, bado haiingii. Kwa hiyo hata ukimpa dereva faida ya kila wasiwasi uliopo kwenye vipimo, hadithi ya kusimama kwenye ule mstari haiwezekani. Siyo kwamba ni ngumu kuamini, haiwezekani. Kwangu mimi hapo ndo pesa yetu ilipojilipa.

Ile 80 nayo ilitoka wapi? Hii inabidi niielezee vizuri maana naona watu wazima wanaikosea. Upande wa pili walikuwa na mtu wao, naye alipima alama za breki za dada kabla ya mgongano, mita 6, akapata kwamba mita 6 za kuburuza ni sawa na kilomita 33 kwa saa, sawa kabisa hakukosea. Akachukua na 47 ya kwenye mgongano, akajumlisha 33 na 47, ikawa 80. Lakini spidi hazijumlishwi hivyo! Breki inakula nishati, na nishati inakwenda kwa mraba wa spidi, kwa hiyo unajumlisha miraba halafu ndo unatafuta kipeuo cha pili: 47 mara 47, jumlisha 33 mara 33, kipeuo chake ni 57. Kosa moja la kujumlisha, mtu anatoka 57 anakuwa 80, na 80 ndo iliyokuwa inazunguka kwenye barua zote kama vile ni kitu kilichopimwa. Wachambuzi wetu waliweka ukurasa mzima kuonyesha hili, kwa lugha ya kawaida, na yule mtu wao hakulijibu tena.

Kuhusu taa ndo walinishangaza zaidi, kwa sababu mimi nilijua hiyo ni neno lake kwa neno la dada basi. Walienda yadi ilipokuwa imelala gari, wakafungua taa ya mbele iliyovunjika wakatoa balbu, wakaiangalia waya wake wa ndani kwa lenzi. Waya wa balbu ukiwa umewaka unakuwa wa moto sana na laini, ukipata mshtuko mkubwa unavutika unapinda unakuwa kama umelegea. Ukiwa umezimwa ni mgumu, unabaki na umbo lake au unakatika katiko safi. Na kama kioo cha balbu kimepasuka taa ikiwa inawaka, hewa inaingia inaunguza ule waya, unabakiwa na unga wa rangi ya maziwa au njano. Ya dada ilikuwa imevutika na ina ule unga. Taa ilikuwa inawaka wakati wa kugongana, mjadala wa taa ukafa siku hiyohiyo. Ila mjue kwa taa za LED hii njia haipo, hazina waya.

Sasa sehemu chungu, na naiandika kwa sababu ndo inayonifanya niiamini hii kampuni. Kiwango cha spidi pale ni 50. Dada alikuwa kwenye 57, na kwa upana wa vipimo vyao ni kati ya 52 na 63, yaani hata ukichukua ya chini kabisa alikuwa amezidisha. Hawakuificha. Sisi ndo tuliolipa na wameiandika kwenye ukurasa wa kwanza. Wakaenda mbele zaidi wakajiuliza, je angekuwa kwenye 50 ajali ingetokea? Kwa sekunde moja na nusu ya kuona na kufikisha mguu kwenye breki, ambayo ni makadirio yanayotumika sana, dada alianza kuistukia pikapu akiwa kama mita 30 kabla. Kwa 50 kavu kavu, mita 21 zinaisha kabla hajagusa breki, na kusimama kunataka mita 14 nyingine, jumla 35. Kwa hiyo asingeweza kusimama kabla ya pale, angefika bado ana kama kilomita 30 kwa saa. Lakini, na hii lakini ni kubwa, angefika kwa kuchelewa sekunde 0.4 hivi, na ndani ya sekunde 0.4 pikapu inayokwenda 54 inasogea mita 6. Inawezekana ingeshapita, inawezekana angeigusa mkiani. Ripoti ikasema wazi kwamba hapa fizikia haiwezi kuchagua kati ya hayo mawili, maana ile sekunde moja na nusu yenyewe ni makadirio, binadamu hawalingani.

Dada alikasirika, akasema tumelipa watu watuangamize. Mimi naona kinyume chake. Ripoti ingemtoa dada msafi kabisa, upande wa pili wangeishambulia siku ya kwanza na ingeanguka yote na ile 54 ya pikapu ingeanguka nayo. Ilivyokuwa na ukweli wa pande zote mbili, bima zote zikaichukua kama msingi wa mazungumzo, lawama kubwa ikaenda kwa pikapu na kipande kidogo kikabaki kwa dada, na kwa alama zilizokuwa pale chini naona ndo haki yenyewe. Fizikia haikusema nani ana kosa, ilisema nani alikuwa wapi na kwa mwendo gani. Kosa ni swali la sheria, nani alikuwa na haki ya kupita na nani alitakiwa asimame, hilo linaamuliwa na watu.

Vya kulalamikia vipo. Kwanza ule upana wa 52 mpaka 63 kwa dada ni mkubwa, na wa pikapu ni mdogo, 51 mpaka 58, na ripoti haikunieleza kwa nini mpaka nilipopiga simu. Kumbe ni ile pembe ya nyuzi 60, ukiikosea kwa nyuzi 3 tu, spidi ya pikapu inatikisika kidogo lakini ya dada inatikisika sana, kwa sababu gari zilielekea zaidi upande wa pikapu. Kitu cha msingi hivi kinatakiwa kiandikwe, kisisubiri mteja aulize. Pili walichelewa kufika, alama zilikuwa zimeanza kufutika, pembe ikabidi waitoe kwenye picha za trafiki kwa programu, na bahati yetu trafiki alipiga picha nzuri za kutoka pande tofauti.

Tatu ni ile video ya katuni. Wanakuuzia kama nyongeza, gari zinatembea kwenye skrini, kioo kinavunjika, kila kitu laini kabisa. Msiichukue, au mkiichukua muwe waangalifu nayo. Hesabu inasema kati ya 52 na 63, video haiwezi kuonyesha kati ya, inachagua namba moja na kuichora kana kwamba mtu alikuwepo na kamera. Ikachora mpaka kichwa cha dereva kinageuka, kitu ambacho hakuna alama yoyote barabarani inayokisema. Mtu anayeamua kesi akiiona ile picha ataikumbuka kuliko jedwali la namba, na hiyo ndo hatari yake.

Kama gari yako ni mpya kidogo mambo yako yatakuwa tofauti. Gari nyingi za sasa zina kifaa kinachorekodi mwendo, breki na mafuta sekunde 5 za mwisho kabla ya mgongano, Umoja wa Ulaya kimekuwa lazima kwa modeli mpya tangu Julai 2022 na kwa gari zote mpya zinazouzwa tangu Julai 2024. Wachambuzi wanakisoma kwa mashine yao, lakini hata hapo usikubali namba bila maswali, kwa sababu gari inahesabu spidi kwa mzunguko wa tairi, na tairi likiwa limefunga linaburuza, kifaa kinaweza kuandika mwendo mdogo kuliko ule gari iliokuwa nao kweli. Na gari zenye ABS zinaacha alama hafifu za breki au haziachi kabisa, kwa hiyo mtu akikwambia hakuna alama basi hakushika breki, muulize gari ilikuwa na ABS au haina. Kama kuna video ya kamera ya karibu nayo inahesabika, ya fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni sekunde 0.04 na gari ya 54 inasogea sentimita 60 kwa fremu, ila wahakikishe kamera hairuki fremu.

Nani asihangaike na hii huduma? Kama mmegusana bampa kwenye maegesho, achana nayo, ada yao itazidi rangi ya bampa. Na kama ubishi wenu wote ni nani alikuwa na taa ya kijani, alama za tairi hazijui rangi ya taa, mpaka kuwe na kumbukumbu za mtambo wa taa zenyewe au video. Inalipa pale ubishi ulipo kwenye spidi, kwenye nani alikuwa upande gani wa barabara, alisimama au hakusimama, alishika breki au hakushika.

Na mkiamua kuwaita, waiteni mapema. Pigeni picha za alama za tairi kutoka juu na kutoka ubavuni, wekeni kitu chenye urefu unaojulikana kwenye picha, msiruhusu yadi iuze mabaki ya gari wala fundi atoe taa mpaka wamalize, ile balbu ya dada ilibaki kidogo iende na vyuma chakavu. Ombeni ripoti yenye hesabu zote ndani, siyo majibu tu, ili mtu mwingine aweze kuzirudia. Mimi nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano imekatwa na ile video.